Mombasa hadi Matondoni: siku tano na ami na punda wake mzee

Nimerudi Mombasa wiki mbili zilizopita. Haya nayaandika kutoka kwenye kidaftari changu na picha za simu, kwa sababu kuna jamaa walioniuliza njia ya Lamu sasa ikoje, na kwa sababu nilitumwa kufanya kazi moja na nikarudi nimefanya nyingine.

Kazi niliyotumwa ni hii. Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba, ana miaka 71 na anaishi Matondoni, upande wa pili wa kisiwa cha Lamu. Maisha yake yote amefanya kazi na punda: kubeba nazi na makuti kutoka mashambani, boriti na mbao kupeleka pwani kwenye majahazi yanayoundwa, mawe na mchanga watu wakijenga. Punda aliye naye ni mzee, hana mzigo tena anaoweza kuubeba. Sisi wa Mombasa tulikaa kikao tukaamua punda auzwe au agawiwe mtu, ami aje akae kwa binti yake Kisauni. Mimi ndiye niliyechaguliwa kwenda kumwambia.

Siku ya kwanza, Jumanne 14 Januari 2025: Mombasa – Mokowe – Lamu

Basi liliondoka Mwembe Tayari saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nauli nililipa shilingi 1,500. Mtwapa, Kilifi, hadi Malindi hakuna la kusimulia. Malindi tulisimama dakika ishirini, nikala mahamri manne na mbaazi za nazi na chai ya tangawizi, shilingi 120.

Baada ya Gongoni tairi la nyuma lilipasuka. Tulikaa kando ya barabara saa nzima na robo, jua limeshapanda, na spana ya basi haikuwa saizi ya nati. Lori la chumvi lilisimama bila kupungiwa mkono, dereva wake akashuka na spana yake, akafungua nati zote mwenyewe, akanawa mikono kwa maji ya chupa na kuondoka. Hata jina lake hatukuuliza. Mama mmoja wa Kipokomo aliyekuwa akienda Minjila alifungua kikapu chake cha maembe akagawia safu yetu yote ya viti, na kisu akatoa.

Kuanzia Garsen ndipo utaona mabadiliko. Barabara hii ya Witu zamani ilikuwa vumbi na mashimo, mvua ikinyesha basi linalala njiani. Sasa ni lami hadi Mokowe. Vizuizi vya usalama bado vipo: tuliteremka Gamba, tukateremka tena Witu, kila mtu na kitambulisho mkononi, foleni ya wanaume na ya wanawake. Atakayesafiri asiweke kitambulisho ndani ya begi lililo kwenye buti. Kijana mmoja alifanya hivyo, basi zima likamsubiri.

Mokowe tulifika saa kumi kasorobo. Boti ya kuvuka hadi Lamu ilikuwa shilingi 150, na jaketi la kuokolea unavaa utake usitake. Kaskazi ilikuwa inapiga vizuri na maji ya bamvua, yale makuu ya mwezi mpevu, yamejaa mpaka kwenye vidato vya gati.

Nililala kwa shangazi, Langoni. Aliweka wali wa nazi na samaki wa kupaka, halafu akaniuliza swali moja tu: "Umekuya kumtoa, siyo?" Nikamwambia ndiyo. Akanyamaza, akaniongeza mchuzi.

Siku ya pili, Jumatano: Lamu – Matondoni kwa miguu

Nilipanga kwenda Matondoni kwa boti, lakini siku za bamvua maji hukupwa sana saa nne tano za asubuhi, na manahodha wote waliniambia ningoje alasiri. Kwa atakayekwenda: ukiwa na haraka, uliza maji kabla hujapanga siku yako.

Kijana mmoja aliyekuwa ameleta makuti mjini kwa punda wawili alinisikia nikiulizia, akasema yeye ni wa Matondoni na anarudi sasa. Nilipomtajia ami akacheka kwa furaha, "Babu wa Ndoo!" Akachukua begi langu akalitia ndani ya sogi, ile mifuko miwili ya ukindu inayokaa mbavuni mwa punda, na pesa akakataa.

Hili la jina inabidi nilieleze. Punda wa ami hana jina. Ami akimtaka humwambia "ndoo", ambayo kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, ni njoo, na punda huja. Mimi nikiwa mtoto wa Mombasa, nikija likizo, nilidhani anaitwa Ndoo, ndoo ya maji, nikawa namwita hivyo. Watoto wa kijiji wakaiga. Jina likabaki, na ami hakulikataa.

Njia ni mchanga mtupu, inapita katikati ya mashamba ya minazi na miembe. Tulitumia saa mbili na nusu. Vaa viatu vya kufunga, maana mchanga wa saa tano unaunguza mguu, na ubebe lita mbili za maji kwa mtu mmoja. Nusu ya njia kuna mzee anayeuza madafu chini ya mwembe, shilingi 50. Nilikunywa mawili.

Kabla ya kijiji hujakiona utasikia nyundo. Matondoni bado wanaunda majahazi pwani, na siku hiyo mafundi walikuwa wanatia kalafati, wanashindilia pamba kwenye maungio ya mbao. Ami alikuwa amekaa kivulini, mgongo ameuegemeza mnazi, anasuka kamba ya makumbi. Ndoo amesimama nyuma yake, kichwa kimeinama karibu na bega la mwenyewe.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba." Aliinua uso, akangoja kidogo, kisha akanitaja jina. Nilidhani amesahau sauti yangu.

Punda amekonda. Mbavu zinahesabika, na mashimo yaliyo juu ya macho yameingia ndani. Ule mstari mweusi wa mgongoni unaokatana na wa mabegani umechanganyika na mvi. Chini ya mkia kuna kovu la zamani la kamba ya matandiko. Lakini juu ya bega la kushoto kuna mahali manyoya yamelala na kung'aa, pana kama kiganja. Niliyaona mchana ule na sikuyafikiria.

Mchana tulikula muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Nilitaka kuanza maneno yangu, nikaona aibu. Nikaahirisha.

Siku ya tatu, Alhamisi: shambani

Ndoo alizaliwa mwaka 2001. Ami anaukumbuka kwa sababu ndio mwaka Mji wa Kale wa Lamu ulipoingizwa kwenye orodha ya UNESCO, na yeye mwaka ule alikuwa na kazi ya kubeba mawe ya nyumba moja Mkomani, na jike wake akazaa kazi ikiwa katikati. Basi punda ana miaka 23 au 24. Punda anayetunzwa anaweza kufika 30 na kupita, lakini wa kazi ngumu wengi hawafiki hata 15.

Asubuhi nilimtazama anavyokula. Anachukua majani, anayatafuna muda mrefu upande mmoja, kisha anayaachia chini yakiwa bonge, yamelowa mate, hayajasagika. Mbele ya miguu yake kulikuwa na mabonge saba au manane. Ami aliniambia amekuwa akila hivyo kwa miezi miwili. Yeye huyaokota, huyatupa, humkatia mengine laini kwa mkono.

Nikamuuliza kwa upole, je, hakuna mtu aliyetaka kumnunua?

Akasema alikuja dalali kutoka bara, zamani kidogo, wakati machinjio ya punda yalipokuwa yanafanya kazi. Machinjio hayo yalianza kazi Kenya mwaka 2016, yakafika manne, ngozi zikawa zinapelekwa China kuchemshwa kutengenezea dawa. Wezi wakaanza kuchinja punda za watu maporini usiku. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 nchini, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, mahakama ikaifuta marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 nchi za Umoja wa Afrika zikakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Ami hayo ya mikutano hana habari nayo. Anachokumbuka ni kwamba dalali alimhesabia noti mkononi, zaidi ya alivyowahi kulipwa kwa punda mzima wa kazi.

"Nyama yake haramu, na ngozi yake nimeichosha mimi," alisema. "Nimuuzie nini?"

Alasiri tulikwenda shamba lake, mwendo wa dakika arubaini, kuangusha nazi chache. Kijana yule wa jana alipanda. Nazi nilizibeba mimi kwenye kiroba. Ndoo alikuja bila sogi, bila kamba. Tulipofika kwenye lundo la nazi alikwenda mwenyewe akasimama ubavu, miguu minne sawasawa, kama mtu anayesubiri kuwekewa mzigo. Ami akampigapiga shingo, "Yamekwisha hayo." Hakuondoka pale mpaka sisi tulipoondoka.

Tulichelewa. Magharibi ilitukuta njiani, na mwezi ulikuwa haujatoka. Mimi nilikuwa nyuma, nimewasha taa ya simu kwa ajili ya visiki na mizizi. Mbele yangu ami anakwenda bila taa, mkono wa kulia umelala begani mwa punda, pale pale penye manyoya yaliyolala. Punda akisimama, naye anasimama. Punda akizunguka kisiki, naye anazunguka. Palipokuwa na mnazi ulioanguka njiani, punda alipunguza mwendo kabla, akangoja ami ainue mguu. Taa yangu ilipopita usoni mwa ami niliona macho yake hayatazami njia wala hayatazami kitu chochote.

Nikasema, "Ami, huoni."

Hakukasirika. "Mato yana ukungu. Mchana naona mtu, uso simuoni. Usiku sioni."

"Tangu lini?"

"Mvua ya mwaka juzi. Ndia yeye aiyua." Yaani njia punda anaijua.

Tulifika nyumbani hatujasema neno jingine. Usiku ule nilikaa barazani peke yangu na yale maneno niliyotumwa. Tuliamua kikaoni kumwondoa yule punda bila hata mmoja wetu kujua kwamba ndiye anayemrudisha mzee nyumbani kila siku. Tunampigia simu Ijumaa kwa Ijumaa, tunamuuliza hali, anasema njema, tunakata. Niliona uchungu sana, na bado nauona.

Siku ya nne, Ijumaa: Matondoni – Lamu, kwenye kliniki ya punda

Niliamka kabla ya alfajiri nikamwambia ami: twende mjini, daktari wa macho akutazame. Akasema, "Meno kwanda," yaani meno ya punda kwanza. Nikaona hilo ndilo lango lililo wazi, nikaingia kwa hilo.

Tuliondoka baada ya sala, mwezi bado uko magharibi, umeanza kulika upande. Mtu yeyote asinifikirie vibaya kwa kumtembeza punda mgonjwa: hakubeba hata kikoi, na tulikwenda kwa mwendo wake. Saa mbili na nusu za juzi zilikuwa saa nne. Kila mahali walipozoea kupumzika miaka ile ya mizigo alisimama, na ami akakaa chini, na mimi nikakaa. Chini ya mkwaju mmoja ami alinionyesha jiwe ambalo hukaa tangu akiwa na miguu ya kijana. Muuza madafu alimkatia punda ganda laini la dafu akampa kwa mkono, na pesa yangu ya madafu akairudisha. "Huyu alinibebea mawe ya nyumba," alisema, akimwonyesha punda kwa kidevu.

Kliniki iko mjini, karibu na bahari. Ilianzishwa na shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza mwaka 1987, na matibabu ni bure. Ukifika utakuta punda wa kila namna: mwenye kidonda cha matandiko, mwenye kwato iliyopasuka, na wale wa tumbo. Wa tumbo ndio wa kusikitisha, maana punda wa Lamu huachiwa wajitafutie mitaani, na wakikuta mfuko wa plastiki wenye harufu ya chakula humeza na mfuko. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, lakini plastiki nyingine bado zimejaa majaani. Mgeni unayekuja Lamu, maganda yako ya embe mpe punda. Karatasi ya biskuti rudi nayo.

Tabibu alimpima Ndoo kwa utepe kifuani, akakadiria kilo 118. Kisha akamfunua mdomo wa mbele akanionyesha mstari kwenye jino la pembeni, ule unaoanza kuonekana punda akikaribia miaka 10, unashuka mwaka hadi mwaka, na akifika 20 hivi umefika chini. Wa Ndoo ulikuwa umeshafutika sehemu ya juu. Akasema, "Huyu ni mzee kweli," kwa heshima, kama anavyosemwa mtu.

Ndani ndiko kulikokuwa na shida. Walimpa sindano ya kumtuliza, wakamtia chuma cha kushikilia mdomo wazi, tabibu akaingiza taa. Magego ya juu yalikuwa yameota ncha kali pembeni, zinamkata shavu kila akitafuna, na gego moja la chini kushoto lilikuwa linacheza. Ami alitaka kugusa. Tabibu alimshika mkono akamwongoza kidole mpaka kwenye ncha. Ami alikivuta haraka, akakaa kimya, akakitazama kile kidole kwa karibu sana, karibu na pua.

"Miezi miwili," alisema. "Na mimi namwambia kula."

Lile gego lilitoka bila kazi kubwa. Zile ncha walizipiga tupa, tupa yenye mpini mrefu, sauti yake kama seremala. Muda wote ami alikuwa ameshika sikio la punda, analisugua kwa kidole gumba kutoka shinani kwenda nchani.

Maagizo tuliyopewa nayaweka hapa, yatamfaa mwingine mwenye punda mzee:

Pumba iloweshwe maji mpaka iwe uji mzito, apewe kidogo kidogo mara nne kwa siku. Majani yakatwe mafupi. Mabua makavu marefu asipewe kabisa. Meno yatazamwe tena baada ya miezi sita. Na tuliambiwa tungeweza kupiga simu, maana wahudumu huenda vijijini. Hatukuwa na haja ya kumtembeza njia yote ile. Hilo mimi sikulijua, na ami namba yao hakuwa nayo.

Ndoo alilazwa hapo hapo usiku ule. Ami alikwenda kuswali Ijumaa, nikamshika mkono vichochoroni. Mji aliobeba mawe yake, na alikuwa ananiuliza kila kona, "Hapa ni wapi?" Kwa shangazi alikula kidogo. Baada ya isha akataka kurudi kliniki kutazama. Nikampeleka, tukasimama nje ya ukuta. Akaita mara moja, "Ndoo." Ndani tukasikia kwato zinasogea.

Siku ya tano, Jumamosi: kuagana

Asubuhi Ndoo alikula bakuli zima la pumba iliyoloweshwa. Halikuanguka bonge hata moja. Ami hakuliona bakuli, lakini aliinama, akapapasa ndani, akalikuta tupu.

Nilinunua gunia la pumba, nikampata kijana wetu wa makuti sokoni na punda wake, akalipakia. Hapo ndipo nilipomwambia ami yote: kikao, Kisauni, kila kitu. Nikamwambia pia kwamba mimi siungi mkono tena. Ninachomwomba ni macho. Ni mtoto wa jicho, daktari wa mjini alimmulika jana yake akasema, na Mombasa unafanyiwa ukarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Alifikiri muda mrefu. "Na yeye?"

Kijana akadakia kabla sijajibu: atalala uani kwake, pumba atamlowesha yeye, mara nne.

"Tano," alisema ami. "Ya tano usiku."

Nilikwenda nao hadi nyumba zinapokwisha. Mkono begani, mguu kwa mguu. Jumapili nilivuka na boti ya kwanza, saa kumi na moja na nusu alfajiri, na mabasi ya Mombasa huondoka Mokowe mapema, kwa hivyo lala karibu na gati. Safari ya kurudi haikuwa na tukio.

Juzi nimetuma gunia jingine kwa basi, shilingi 300 hadi Mokowe na 100 ya boti. Tiketi ya ami nimemkatia ya Februari, kabla ya Ramadhani. Jana usiku alipiga kwa simu ya kijana, kuniuliza kama nina hakika hospitali itamtoa siku ile ile, na kuniambia kwamba Ndoo sasa anatafuna pande zote mbili.